Kupiga Picha za Maghala, Mifugo na Urithi wa Vijijini Kusini kwa Ajili ya Mapambo ya Nyumba

Picha ya kupamba ukuta hupimwa kwa kipimo kikali kuliko picha ya kuangaliwa kwenye simu, kwa kuwa itatazamwa na watu walewale, kila siku, kwa miaka. Machweo mekundu nyuma ya mnazi humshangaza mtu kwa sekunde tatu, kisha humchosha kabla fremu haijashika vumbi. Ukuta wa udongo uliopasuka, wenye alama za vidole vya aliyeukandika, hauchoshi, kwa sababu jicho hupata pa kutembea kila linaporudi. Mwongozo huu unamhusu mtu anayetaka kupamba sebule, mgahawa au nyumba ya kulala wageni kwa picha za mashamba na vijiji vya Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, na ushauri wote uliomo unarudi kwenye swali hilo moja: je, picha hii itavumilia kutazamwa?

Hatua ya kwanza: kujua kinachotafutwa na mahali kilipo

Anayetafuta huku kusini yale majengo makubwa ya mbao ya kuhifadhia majani ya ng'ombe, yanayopamba kalenda za Ulaya na Marekani, atarudi mikono mitupu. Jengo letu la shamba ni dogo. Mara nyingi ni kihenge: fito zilizosukwa kwa mduara kama tenga kubwa, zikakandikwa udongo ndani na nje, zikawekwa juu ya jukwaa la nguzo ili panya na unyevu visifike, kisha zikaezekwa paa la nyasi ambalo kwa vihenge vingi huinuliwa kama kifuniko wakati wa kuchota nafaka. Katika nyumba nyingine ghala halimo uani hata kidogo, bali ni dari ya fito juu ya mafiga, ambako mahindi ya mbegu huning'inizwa ili moshi uwafukuze wadudu. Shambani kuna dungu, yaani kile kibanda cha juu ambamo mlinzi hukaa kuwafukuza nguruwe na nyani. Haya yote yanapungua, kwa kuwa wakulima wengi sasa huweka mahindi kwenye magunia au mifuko isiyopitisha hewa ndani ya nyumba ya bati, na kihenge kikianguka ni nadra kujengwa kingine.

Uwanda wa juu wa Makonde, yaani Newala, Tandahimba na vijiji vilivyo kati yake, hutoa udongo mwekundu, mikorosho mikubwa yenye matawi yanayogusa ardhi, na baiskeli zenye madumu ya maji. Masasi ina vilima vya mawe vinavyosimama peke yake kama vilivyodondoshwa, na ni mandhari ya nyuma ambayo haihitaji msaada. Anayependa majengo ya kale ya pwani aende Mikindani, kilomita chache tu kutoka Mtwara mjini, penye nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, milango ya nakshi, na boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Kwa upande wa Lindi, Kilwa Kivinje inatoa kuta zilizochakaa kwa namna ambayo mpambaji hawezi kuiiga kwa rangi, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Nachingwea ina historia nyingine: mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, ulileta reli kutoka Mtwara ambayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Njia ya reli iliyokufa, ikishikwa na nyasi, hupendeza ukutani kuliko treni yenyewe.

Hatua ya pili: ruhusa kabla ya kamera

Kijijini kamera ibaki ndani ya mkoba mpaka salamu ziishe. Piga hodi, ngoja uitikiwe, toa shikamoo kwa wakubwa, kaa ukikaribishwa, na ueleze shughuli yako kwa ukamilifu, pamoja na neno ambalo wapiga picha wengi hulimeza, nalo ni kwamba picha hizo huenda zikauzwa. Ikiwa utazunguka kijiji kizima, anza kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, kwa sababu mgeni anayeonekana akipiga picha mashamba na mipaka hudhaniwa kuwa amekuja kununua ardhi, na dhana hiyo ikishaingia hakuna picha itakayopatikana.

Nilijifunza jambo moja katika kijiji kimoja cha Tandahimba, mwezi wa Januari, nilipomwomba bibi mmoja nipige picha ya kihenge chake paa likiwa limeinuliwa. Alikuwa ameniruhusu kila kitu hadi hapo.

"Hapana, mjukuu wangu," alisema. "Piga ukuta, piga mlango, piga na mimi nikitaka. Ndani usipige."

Nikadhani ni imani ya uchawi. Baadaye alinieleza mwenyewe, bila hasira, kwamba Januari ni mwezi wa njaa, mavuno ya zamani yamekwisha na mapya bado yamo shambani, na ghala la mtu likionekana tupu ni sawa na sufuria yake kufunuliwa mbele ya wageni. Tangu siku hiyo huuliza kuhusu ndani ya ghala peke yake, kama swali tofauti, na sipigi picha hiyo hadi baada ya Juni.

Vifaa vya jando na unyago, pamoja na vinyago vya mapiko vinavyovaliwa na wachezaji wa Kimakonde, visipigwe picha kwa kushtukiza hata vikiwa vimeegeshwa barazani. Kinyago kilichochongwa kwa ajili ya kuuzwa ni bidhaa. Kile cha ngoma kina wenyewe na kina mipaka ya nani akione lini.

Kwa picha zinazomwonyesha mtu anayetambulika, andika ridhaa kwa Kiswahili chepesi kwenye karatasi moja: jina, tarehe, picha itatumika wapi, malipo ni kiasi gani, sahihi au dole gumba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mteja mwenye hoteli makini ataiomba karatasi hiyo kabla ya kulipa. Mwenye kutaka kurusha droni anahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Binafsi siipendekezi kwa kazi hii, kwa kuwa huwatimua kuku na watoto kwa pamoja, na kihenge kikitazamwa kutoka angani hubaki kuwa kofia ya nyasi.

Hatua ya tatu: kulisoma jua la kusini

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini inapompoteza msomaji wetu. Mtwara na Lindi ziko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Karibu tarehe 20 Oktoba, na tena karibu tarehe 21 Februari, jua la mchana hupita utosini kabisa, na kivuli cha nguzo huingia chini ya nguzo yenyewe. Kwa wiki kadhaa kabla na baada ya tarehe hizo, picha za saa sita mchana hazina umbo: paa huwaka, ukuta chini yake huzama katika weusi, na mbuzi huonekana kama shimo lenye miguu.

Mwezi wa Juni na Julai jua huwa limesogea kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini hupata mwanga wa ubavu kutwa nzima, na ule wa kusini hubaki kivulini. Desemba mambo hugeuka, na ukuta wa kusini ndio wenye mwanga. Kabla ya kufunga safari, muulize mwenyeji mlango wa ghala unatazama wapi, au utumie dira ya simu mara ya kwanza unapofika, kisha uchague msimu. Nimewahi kusafiri mara mbili kwenda Nachingwea kwa ajili ya mlango mmoja, kwa sababu mara ya kwanza nilikwenda Agosti na mlango ulikuwa unatazama kusini.

Kwa siku moja moja, mwanga mzuri wa Juni huanza jua linapochomoza, karibu saa 12:30 asubuhi, na kuisha karibu saa 2:15. Jioni hurudi kuanzia saa 10:30 hadi jua linapozama muda mfupi baada ya saa 12. Mwanga huu huja kwa ubavu, hukwaruza ukuta, na kila ufa, kila alama ya kiganja na kila unyasi uliochomoza hupata kivuli chake. Picha ya ukutani huishi kwa vivuli hivyo vidogo. Kukiwa na mawingu mepesi, achana na ghala na upige picha za ndani ya banda, za nyuso na za mbuzi weupe, kwani mwanga uliosambaa huwafaa.

Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Machi kijani hujaa hadi huzuia kuona majengo, na Septemba nchi hukauka na kuwa na rangi ya mkate. Chaguo langu ni Mei mwishoni na Juni, ambapo nyasi zimeanza kuwa za dhahabu, mavuno yamo uani na hewa haina vumbi. Kasoro ya majira hayo, na ya miezi inayofuata, ni salfa. Wakulima wa korosho hupuliza unga wa salfa kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho, hasa alfajiri hewa ikiwa imetulia, yaani saa ileile unayoihitaji wewe. Unga huo hukaa juu ya lenzi kama ukungu wa manjano, na ukiufuta kwa kitambaa kikavu utakwaruza kioo. Upulize kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, kisha ndipo utumie kitambaa laini. Lenzi yangu ya kwanza bado ina mikwaruzo ya asubuhi moja ya Julai, kwa kosa la kutumia pindo la shati.

Hatua ya nne: vifaa

Simu yenye kamera ya megapikseli 12 inatosha kuanza. Picha yake ya pikseli 4000 kwa 3000 husafishwa, yaani huchapishwa kwenye karatasi, kwa ubora kamili, nukta 300 kwa inchi, hadi kupita kidogo ukubwa wa A4, na kwa nukta 150, zinazotosha picha inayotazamwa kutoka mita mbili, hufika takriban sentimita 68 kwa 51. Usivute picha kwa vidole, kwani kufanya hivyo ni kutupa pikseli. Sogea kwa miguu. Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi achukue ya milimita 35 au 50, na tripodi kwa ajili ya ndani ya mabanda. Piga kwa faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaibana, ikiwa kamera inaruhusu, kwa sababu wekundu wa udongo wa Newala huhitaji kurekebishwa baadaye, na faili lililokwisha kubanwa halina nafasi ya marekebisho hayo.

Hatua ya tano: kupiga picha ya ghala

Zunguka jengo mara moja bila kupiga. Tazama linavyoegemea, kwa sababu vihenge vya zamani karibu vyote vimeinama upande mmoja, na mpiga picha anayejaribu kukinyoosha kwa kuipinda kamera huishia na upeo wa macho ulioinama badala yake. Acha kihenge kiiname na uhakikishe ardhi imelala sawa.

Simama mbali kiasi cha mara tatu ya kimo cha jengo, ushuke hadi jicho la kamera liwe usawa wa jukwaa, ili nafasi iliyo chini ya ghala ionekane. Nafasi hiyo ndiyo inayosimulia: hapo ndipo kuku hulala mchana, ndipo jembe huegeshwa, ndipo majivu hunyunyizwa kuzuia mchwa. Weka tundu la lenzi, yaani uwazi unaopitisha mwanga, kwenye f/8 ili nyasi za paa na udongo wa mbele vyote viwe wazi, na ushushe mwanga kidogo kuliko kamera inavyopendekeza, kwani anga jeupe la pwani likishaungua halirudishwi. Kisha acha nafasi. Picha ya mapambo huhitaji hewa pembeni, ukuta mtupu au mchanga mtupu, na mpambaji akitaka kuikata iwe ndefu au pana atakushukuru.

Nyaya za umeme, ndoo za plastiki za buluu na bango la mtandao wa simu ni swali la uamuzi. Wapo wanaofuta kila kitu. Mimi humwomba mwenyeji ruhusa ya kusogeza ndoo moja inayovuta jicho, na mengine huyaacha, kwa sababu dumu la njano chini ya kihenge ni sehemu ya maisha ya Makonde, ambako maji yalibebwa kwa taabu miaka mingi, na kijiji kilichosafishwa kila alama ya leo hufanana na seti ya tamthilia. Jambo moja huwa silikubali: kumvua mtu fulana yake na kumvisha kaniki ili aonekane wa kale.

Ukimaliza picha pana, sogea karibu kadiri lenzi inavyoruhusu. Mahali fito zinapopishana na udongo umedondoka, kamba ya gome la mti iliyofungwa kwenye nguzo, kizingiti kilicholainishwa na mikono, vitu hivi vikipigwa kwa mwanga wa ubavu huuzwa kuliko picha ya jengo zima, hasa kwa watu wenye nyumba ndogo.

Hatua ya sita: mifugo

Mnyama wa kusini ni mbuzi, kisha kuku, bata na njiwa. Ng'ombe walikuwa wachache kwa sababu ya mbung'o, na makundi makubwa unayoyaona leo Kilwa, Liwale na Nachingwea yalikuja zaidi baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na kuelekezwa huku. Jambo hili lina uchungu wake kwa pande mbili, mkulima na mfugaji, kwa hiyo usimpige picha mchungaji katikati ya shamba la mtu ukadhani umepata mandhari tu.

Piga goti au lala kifudifudi, kwa sababu mbuzi akipigwa kutoka juu huwa mgongo na masikio. Lenga jicho lililo karibu nawe. Kasi ya kamera ya 1/500 ya sekunde inamtosha mbuzi anayetembea, na kuku anayejitikisa mavumbini anahitaji 1/1000. Mbuzi mweupe juani apunguziwe mwanga kwa theluthi mbili ya hatua moja ya kipimo cha mwanga cha kamera (stop), la sivyo manyoya yake yatakuwa karatasi; mweusi aongezewe kiasi hichohicho. Jihadhari na kivuli cha mwembe, ambacho macho yetu hayaoni ukijani wake lakini kamera huuona, na mnyama hutoka kama mgonjwa. Msogeze hadi ukingoni mwa kivuli kwa kumwomba mwenye mbuzi arushe pumba kiganja kimoja. Mwenyewe ndiye arushe: mnyama humjua, na akija kwake shingo huinuka kwa utulivu ambao mgeni mwenye pumba hawezi kuupata. Kuku huwa wazuri zaidi jioni, wanapopanda kulala, na jua likiwa nyuma yao manyoya ya shingo huwaka kama nyuzi.

Ndani ya banda usitumie flashi. Fungua mlango, weka tripodi, na uache mwanga wa mlangoni ufanye kazi, hata ikiwa kasi itashuka hadi 1/15. Kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, ungo, kata ya kifuu na mtungi hupigwa hivihivi, mahali vinapokaa kila siku. Kinu kilichobebwa uani kwa ajili ya picha hupoteza moshi uliokizunguka.

Kuhusu milango ya nakshi ya Mikindani na Kilwa, mpambaji akikuuliza kama mlango wenyewe unaweza kununuliwa, mjibu kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Picha iliyopigwa uso kwa uso, kamera ikiwa sambamba na ubao na nakshi zikiangaziwa kutoka upande mmoja, inaweza kusafishwa kwa kimo cha mlango halisi.

Hatua ya saba: kusafisha na kutundika

Kwanza rekebisha rangi ya udongo. Studio moja iliwahi kunirudishia picha sita za Newala ambazo kuta zake zilikuwa na rangi ya karoti, kwa kuwa mashine ilijiongezea wekundu juu ya wekundu, na gharama ilikuwa yangu. Siku hizi husafisha kwanza kipande cha sentimita 10 kwa 15, nikakitazama nje, kivulini, pembeni ya bonge dogo la udongo nililorudi nalo ndani ya kopo. Faili lipelekwe kwa kadi au litumwe kama hati, kwa sababu WhatsApp ikiituma kama picha ya kawaida huibana hadi haifai kupita ukubwa wa kadi.

Chagua karatasi isiyong'aa. Picha za udongo, nyasi na manyoya hupoteza ngozi yake zikipakwa mng'ao, na katika nyumba za pwani zenye madirisha mapana mng'ao humwonyesha mtazamaji uso wake mwenyewe. Fremu ya mninga iliyopakwa nta inatosha. Fremu yenye nakshi nyingi hushindana na picha ya mlango wa nakshi na zote mbili hushindwa.

Mtwara mjini, Mikindani na Lindi zina hewa ya chumvi, na kuta za matumbawe na chokaa hutoa jasho. Picha iliyogandana na ukuta hupata ukungu ndani ya msimu mmoja wa mvua, kwa hiyo bandika vipande vya mbao vya unene wa sentimita moja kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite. Usitundike mkabala na jua la jioni. Katikati ya picha ikae sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na juu ya kochi iachwe nafasi ya sentimita 15 hadi 20. Ukuta mmoja wa sebule ya kawaida hubeba picha kubwa moja ya ghala na mbili ndogo za karibu. Ukiongeza ya nne, anza kwa kuondoa mojawapo.

Safisha nakala moja ya ziada kwa ajili ya mwenye ghala au mwenye mbuzi, uipeleke mwenyewe au uikabidhi kwa dereva wa basi anayefahamika kijijini. Nyuma ya kila nakala andika kwa penseli jina la kijiji, mwezi, mwaka na kilichohifadhiwa ndani ya ghala siku hiyo, mtama au mahindi au mihogo mikavu. Kalamu ya wino isitumike, kwani unyevu wa Machi huusukuma wino hadi upande wa mbele.